Usipigane na Farasi: Mwongozo wa Siku 40 wa Kuitawala Milango ya Fahamu kwa Mafundisho ya Kihindu

Tangu nianze kusoma Bhagavad Gita (kitabu cha Kihindu cha mazungumzo ya Krishna, Mungu aliyekuja kama mtu, na rafiki yake Arjuna) na watu wachache Jumamosi jioni, maswali ya wageni hayabadiliki. "Nikifumba macho ndipo mawazo yanakuja mbio, nifanye nini?" "Lazima niache nyama?" "Nifunge siku ngapi?" "Mimi ni Mwislamu, mimi ni Mkristo, itakuwaje?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja pale ngazini watu wakivaa viatu, basi nayaandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza huku.

Mimi si guru wala pandit, yaani si mwalimu wa dini. Nauza vipuri vya magari Mombasa. Haya nimeyapata kwa bibi yangu, aliyevuka bahari kutoka Gujarat, India, akiwa bi harusi, na mengine nimeyapata kwa kuyakosea mwenyewe. Mwongozo huu ni wa siku 40 za mwanzo. Hautakufanya mtawa, na wala sidhani unataka kuwa mtawa.

Nadharia kidogo, halafu kazi

Katha Upanishad, andiko la kale la Kihindu, ina kisa cha kijana Nachiketa aliyekwenda nyumbani kwa Yama, bwana wa mauti, akamkosa, akangoja siku tatu bila kula. Yama aliporudi aliona haya kwa kumkalisha mgeni na njaa, akampa haki ya kuomba mambo matatu. La tatu kijana aliuliza: mtu akifa, hubaki nini? Yama akajaribu kumhonga aachane na swali hilo: ng'ombe, tembo, dhahabu, wanawake warembo na ngoma zao, umri mrefu kadiri apendavyo. Kijana akamwambia abaki navyo. Hapo ndipo Yama alipoanza kufundisha, na katika mafundisho hayo kuna mfano ambao mwongozo huu wote umeuegemea.

Mwili ni gari la farasi. Abiria mwenye gari ni atma, nafsi yenyewe. Dereva ni budhi. Hatamu ni manasi. Farasi ni indriya, ile milango mitano ya fahamu. Barabara ni vitu vyote ambavyo farasi hao huvikimbilia.

Budhi na manasi huwachanganya wengi kwa sababu vyote viwili hutafsiriwa "akili". Usisumbuke. Kiswahili kilishatenganisha mambo haya zamani: tunasema moyo umependa, akili imekataa. Huo moyo unaopenda, unaotaka, unaosita, unaoruka kama tumbili, ndio manasi. Hiyo akili inayokata shauri ndiyo budhi. Gita inaweka ngazi wazi: manasi iko juu ya milango ya fahamu, budhi iko juu ya manasi, na juu ya budhi yuko yule abiria.

Sasa angalia kosa la karibu kila anayeanza. Anateremka garini, anaenda mbele, anaanza kupigana mieleka na farasi. Anafunga kula siku tatu, anatupa simu kabatini, anaapa hatamtazama mwanamke tena. Farasi ana nguvu kuliko yeye, siku ya nne ameburutwa. Kazi yako iko nyuma, kwenye kiti cha dereva na kwenye hatamu. Hatua nyingi hapa chini ni za dereva. Za farasi mwenyewe ni chache sana.

Uwe na nini kabla ya kuanza

Mkeka na blanketi moja la kukunja. Daftari dogo na kalamu (daftari la karatasi, ukiandika kwenye simu umeshampa farasi majani). Mala, yaani uzi wa shanga 108, ndugu yake tasbihi. Waumini wa mungu Vishnu hupenda za mti wa tulsi, jamaa ya mrihani wetu, na wa Shiva hupenda mbegu za rudraksha. Huna? Hesabu kwa viungo vya vidole, inatosha. Dakika 20 asubuhi na dakika 5 usiku, mahali pale pale kila siku.

Na idhini ya watu wa nyumbani. Waambie mapema: "Nikikaa pale pembeni, niacheni dakika 20." Mke, mume, mama au watoto wasiojua unachofanya watakuita kila dakika, kisha wewe utakasirika, na kikao cha kutuliza moyo kitageuka ugomvi.

Huhitaji ubani, sanamu, nguo nyeupe wala programu ya simu. Vikiwapo, haya. Visipokuwapo hupungukiwi.

Onyo kabla hujaendelea. Kama una kisukari, vidonda vya tumbo, mimba, unanyonyesha au unatumia dawa za kila siku, ruka sehemu ya kufunga katika hatua ya 7 mpaka uzungumze na daktari wako. Na kama uko katika huzuni nzito ya muda mrefu, au unasikia sauti wasizosikia wengine, usijifungie peke yako na mala. Tafuta tiba kwanza. Gita iliandikwa kwa mtu aliyetetemeka, Arjuna, lakini alikuwa na rafiki pembeni yake, Krishna.

Hatua ya 1: Chagua mlango mmoja

Mafundisho ya Kihindu hutaja wanyama watano, kila mmoja ameponzwa na mlango mmoja. Nondo na macho: huufuata mwali wa taa. Paa na masikio: husimama kusikiliza wimbo wa mwindaji. Samaki na ulimi: chambo. Tembo dume na ngozi: humfuata jike mpaka mtegoni. Nyuki na pua: huingia kwenye yungiyungi kwa harufu, jua likizama ua likafunga naye ndani. Kisha waalimu huuliza: kama hawa wamekufa kwa mmoja mmoja, vipi binadamu mwenye yote mitano?

Usiigombee yote mitano. Kwa siku tatu za kwanza usibadilishe chochote. Tembea na daftari, na kila mkono, jicho au ulimi unapokwenda mahali bila wewe kuamua, chora mstari mmoja na uandike herufi ya mlango. Mimi nilikuwa na hakika tatizo langu ni tumbo. Siku ya kwanza nilipata mistari 4 ya chakula na 61 ya simu. Sitini na moja! Na ile siku dukani kulikuwa na wateja.

Mlango wenye mistari mingi ndio wako kwa siku 40. Mingine iache ilivyo.

Hatua ya 2: Mpe dereva amri kabla gari halijaondoka

Azimio huitwa sankalpa. Kosa linalonichosha kuliko yote ni sankalpa za hewani: "nitakuwa mtulivu", "nitapunguza simu". Dereva gani anaendesha kwa amri ya "nenda mahali pazuri"?

Sankalpa yako iwe ndogo, iweze kuonekana kwa macho, na iwe na tarehe ya mwisho. Yangu ilikuwa hii: kwa siku 40 sitaigusa simu kabla ya kumaliza kikao cha asubuhi, na saa 3 usiku italala jikoni. Ya rafiki yangu mmoja mpenda sukari ilikuwa kijiko kimoja katika chai, vikombe viwili kwa siku, basi. Andika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari na uisome kwa sauti kila asubuhi.

Yama alimwambia Nachiketa kwamba mambo mawili humjia kila mtu, lililo jema na lililo tamu, na mwenye busara huyatenganisha. Tatizo ni kwamba saa ile sahani iko mbele yako yote mawili yana harufu moja. Ndiyo maana unaamua saa 11 alfajiri, tumbo likiwa limetulia.

Hatua ya 3: Kaa

Gita inaeleza kiti kwa vipimo: pahala safi, si juu sana wala chini sana, nyasi za kusha chini, ngozi juu yake, kisha kitambaa. Sisi tutaweka mkeka, blanketi lililokunjwa mara nne, na kanga juu ukipenda. Keti ukingoni mwa blanketi ili nyonga ziwe juu kidogo ya magoti. Mgongo, shingo na kichwa mstari mmoja. Macho nusu wazi, yakielekea ncha ya pua bila kukaza. Ukiyakaza utaumwa kichwa. Magoti hayakubali? Kaa kitini, nyayo sakafuni, usiegemee.

Wakati wenyewe waliousifu wazee ni brahma muhurta, kama saa moja na nusu kabla ya jua. Kwetu pwani ni saa 11 kasorobo alfajiri hivi. Ukiweza, vizuri. Ukiwa mlinzi wa usiku au muuguzi wa zamu, chagua saa yako na uishike. Saa ile ile kila siku ni bora kuliko saa takatifu mara moja kwa wiki.

Dakika mbili za kwanza fuata pumzi tu, ikiingia na kutoka. Usiibane. Kubana pumzi ni somo jingine, na lina mwalimu wake.

Hatua ya 4: Funga hatamu kwa jina

Japa ni kurudia jina. Manasi haiwezi kukaa mikono mitupu, basi mpe kitu cha kushika. Wahindu husema "Om Namah Shivaya", au "Om Namo Bhagavate Vasudevaya", au jina tu: Ram, Ram. Kama una dini nyingine, huhitaji kutamka jina la Mungu ninayekujulisha mimi. Una majina yako tayari, na namna ya kuyarudia unaijua.

Namna ya kushika mala, kwa kuwa kila mtu huuliza. Itundike juu ya kidole cha kati cha mkono wa kulia. Vuta ushanga mmoja kuelekea kwako kwa kidole gumba kila unapotamka. Kidole cha shahada kiinue pembeni, kisiguse. Hicho ndicho cha kunyooshea watu lawama, alikuwa akisema bibi. Kuna ushanga mmoja mkubwa uliojitenga, huitwa meru. Ukiufikia usiuvuke. Geuza mala, rudi ulikotoka. Mzunguko mmoja wa jina fupi huchukua dakika 4 au 5. Anza na mmoja, ukifika siku ya 15 fanya miwili.

Bibi alitia mkono na mala ndani ya mfuko wa kitambaa wenye umbo la uso wa ng'ombe, gomukhi. Nilipokuwa mdogo nilidhani ameficha peremende humo. Mfuko unasaidia kitu kimoja: wewe mwenyewe huoni umefika wapi, basi huhesabu zilizobaki.

Sema kwa sauti kwanza, kisha kwa midomo tu, kisha moyoni. Ukiona moyoni unapotea, rudi kwenye midomo. Hakuna aibu.

Hatua ya 5: Rudisha

Hapa ndipo watu wanapoacha, kwa hiyo nakaa hapa kidogo.

Utafika ushanga wa 9, na ghafla utajikuta unafikiria kodi ya nyumba. Vidole vinaendelea, mdomo unaendelea, wewe haupo. Utasema: mimi siwezi mambo haya. Lakini Arjuna, mpiganaji bingwa, alimwambia Krishna jambo hilo hilo: moyo hautulii, una nguvu, ni mkaidi, kuuzuia ni kama kuuzuia upepo. Krishna hakumkatalia. Alimjibu ni kweli, ni vigumu, lakini unashikika kwa mambo mawili: abhyasa, kurudia rudia zoezi, na vairagya, kulegeza mkono ulioshikilia vitu.

Na zoezi lenyewe amelieleza kwa sentensi moja: popote moyo unapokimbilia, urudishe kutoka huko. Amesema urudishe tu, hakusema uuzuie kabla haujakimbia, wala kwamba kukimbia ni dhambi. Kila ukigundua umepotea na ukarudi kwenye jina, hapo umevuta hatamu mara moja. Kikao chenye marejeo 30 ni kikao cha mivuto 30 ya hatamu. Mtu anayeniambia hakupotea hata mara moja, kwa kawaida alikuwa amesinzia.

Namna ya kurudi: usijitukane, usichunguze wazo limetoka wapi, usilimalize "dakika moja tu". Liache nusu. Wazo la kodi litakungoja, nakuhakikishia.

Hatua ya 6: Dakika tatu za kobe

Mara moja mchana, kazini kwako, fanya kama kobe. Gita inasema mwenye hekima huvuta milango yake ya fahamu kutoka kwenye vitu kama kobe avutavyo viungo vyake pande zote. Mwangalie kobe vizuri. Hakati miguu. Anaiingiza, hatari ikipita anaitoa anaendelea na safari.

Kaa. Geuza simu kifudifudi. Anza na macho: yafumbe. Kisha masikio: sikia kelele ya mbali kuliko zote, kisha ya karibu, kisha ziache zote zipite bila kuzipa majina. Pua, ulimi uliolegea ndani ya mdomo, ngozi pale nguo inapogusa bega. Kila mlango uugonge na kuuacha. Dakika tatu, fungua macho, rudi kwa wateja. Dukani kwangu wameshazoea. Wanasema bosi anapiga hesabu.

Hatua ya 7: Kata mnyororo kwenye pete ya kwanza, na uanze na ulimi

Gita, sura ya 2, aya ya 62 na 63, inaorodhesha jinsi mtu anavyoanguka. Kukitafakari kitu huzaa kushikamana nacho. Kushikamana huzaa tamaa. Tamaa huzaa hasira. Hasira huzaa kuchanganyikiwa. Kuchanganyikiwa hupoteza kumbukumbu. Kumbukumbu ikipotea budhi huharibika, na budhi ikiharibika mtu ameangamia. Dereva ameanguka garini, farasi wanaendelea.

Nikuonyeshe kwa la kwangu. Jioni moja, siku ya 11 ya azimio langu, niliona picha ya jiko jipya la shemeji yangu: kabati nyeupe, bomba linalong'aa. Niliitazama, nikaikuza kwa vidole viwili, nikatazama bomba. Nilikula chakula cha jioni nikiwa bado kwenye lile bomba. Kisha nikaanza kupiga hesabu za deni fulani ambalo mteja hajalipa, kama amelipa ningekuwa na bomba. Mwanangu akaangusha kikombe cha maziwa. Nilimpigia kelele mpaka jirani akanyamaza upande wa pili wa ukuta. Mtoto alinitazama bila kuelewa, na alikuwa na haki, kwa sababu mimi sikuwa namgombeza yeye. Nilikuwa nagombana na bomba.

Ningeweza kukata wapi? Kwenye kelele ilikuwa nimechelewa, kwenye deni nimechelewa. Pale nilipokuza picha kwa vidole viwili, hapo ilikuwa uzi tu. Kuona hakuepukiki, jicho limeumbwa kuona. Kukaa pale ulipoona, kukuza, kurudia, ndiyo pete ya kwanza. Kwa hiyo zoezi: kila siku kamata mnyororo mmoja, andika ulianzia wapi. Usijaribu kuikamata yote.

Halafu ulimi. Bhagavata Purana, kitabu kingine cha Kihindu, inasema mtu hajaitawala milango yake mpaka autawale ulimi, na ulimi ukishatawaliwa yote imetawaliwa. Una kazi mbili, kuonja na kusema, kwa hiyo mpe zoezi moja kwa kila kazi.

La kuonja ni Ekadashi, siku ya 11 ya kila nusu ya mwezi mwandamo, mara mbili kwa mwezi. Wengine hawali kabisa. Wengi huacha nafaka na jamii ya dengu, wakala matunda, maziwa, viazi, njugu. Wagujarati wa Afrika Mashariki wameongeza muhogo, na wakaupeleka hadi Uingereza kwa jina la mogo. Kwa anayeanza: siku hiyo acha nafaka, kula mara mbili, usionje onje katikati. Onyo: mogo wa kukaanga sahani tatu si kufunga. Nimeshawahi kuongezeka uzito siku ya Ekadashi, usinifuate.

La kusema ni mauna, ukimya. Gandhi alikaa kimya kila Jumatatu. Wewe chukua saa moja kwa wiki. Waambie wa nyumbani, na usigeuze ukimya kuwa kununa. Kuandikia watu vikaratasi vya amri na kufoka kwa macho ni kusema vile vile. Siku nyingine zote, pitisha maneno yako kwenye kipimo cha sura ya 17 ya Gita: yasichome, yawe kweli, yapendeze, yafae. Yakikosa moja, yameze.

Je, asiyefunga atakosa kitu? Hapana. Krishna mwenyewe anasema anayejinyima chakula vitu humwacha, lakini ladha hubaki. Unaweza kukaa siku nzima bila kula na moyo uko kwenye sambusa.

Hatua ya 8: Kikao cha dereva usiku

Dakika tano, daftari mapajani. Maswali matatu tu: Leo farasi alinivuta wapi? Niligundua kwenye pete ya ngapi? Kesho nitavuta hatamu mapema wapi? Jibu kwa mistari mitatu. Usiandike hotuba wala toba. Funga daftari, lala.

Makosa yanayorudi kila mara

Kubana nje, kupika ndani. Gita ina neno kali kwa anayezuia viungo vyake huku moyo wake umekaa ukivitafakari vitu: ni mnafiki. Ukiona azimio lako linakufanya ukiwaze kitu kile saa 24, ni kubwa mno. Lipunguze.

Kuzidisha. Sura ya 6 ya Gita inasema wazi: yoga haimfai anayekula kupita kiasi wala asiyekula kabisa, anayelala kupita kiasi wala anayekesha. Vijana ndio wagonjwa wakubwa wa hili. Wiki ya kwanza mizunguko 16 ya mala, wiki ya pili hawaonekani.

Kutangaza. Siku ya tatu tayari unamhubiria mkeo kuhusu sukari yake. Huo ni ulimi umetoroka kwa mlango wa nyuma.

Mambo yakikwama

*Nasinzia kila nikikaa.* Huenda huna usingizi wa kutosha; lala mapema kabla hujatafuta sababu za kiroho. Nawa uso, fungua macho zaidi, tamka kwa sauti. Bado? Simama.

*Mawazo yameongezeka tangu nianze.* Hayajaongezeka. Umezima redio, sasa unasikia panya waliokuwamo siku zote. Endelea wiki mbili.

*Hasira zimekuwa nyingi.* Hiyo ni tofauti, na mara nyingi ni kweli. Tamaa iliyozuiwa ghafla hutokea kama hasira. Punguza azimio nusu, na umpe farasi majani mengine: matembezi, bhajan (nyimbo za ibada za Kihindu), kuimba kwaya, kazi ya kujitolea. Mlango uliofungwa bila kufunguliwa mwingine utavunjwa.

*Najiona mtulivu asubuhi, saa 4 nimeshavurugika.* Watu wa pwani hawahitaji maelezo marefu: Gita inasema mlango mmoja tu wa fahamu ukifuatwa na moyo huichukua akili kama upepo uchukuavyo chombo majini. Nahodha hatulizi kusi, anapunguza tanga mapema. Sogeza zoezi la kobe liwe saa 3 na nusu, kabla ya saa yako mbaya.

*Lazima niache nyama?* Kwa siku hizi 40, hapana. Wahindu wengi hawali, na wengine wengi wanakula. Ukitaka kuacha, iwe sankalpa yake yenyewe, wakati mwingine.

*Dini yangu inaruhusu?* Kukaa kimya, kuamua mapema, kukamata mnyororo na kupima maneno hakukuulizi unaabudu nani. Sehemu za atma na kuzaliwa upya ni imani ya Kihindu, siwezi kukuambia si kitu. Ukiona pana mgongano, muulize sheikh au padri wako, usiniulize mimi.

*Nimevunja azimio siku ya 19. Nianze upya kutoka 1?* Hapana. Andika "19: nimevunja", kesho ni 20. Arjuna naye aliuliza: aliyeanza kwa imani akateleza njiani, si atapotea kama wingu lililopasuka, huku hana na kule hana? Akajibiwa kwamba atendaye mema haangamii, na kwamba huendelea kutoka pale alipofikia, hata kama ni katika maisha mengine. Kama maisha mengine yanahesabiwa, siku ya 20 itahesabiwa.

*Mala yangu imekatika, ni mkosi?* Ni uzi umechakaa. Ya bibi ilikatika sebuleni nikiwa na miaka tisa hivi, shanga zikakimbilia chini ya kochi na kabati. Tulizisaka mchana kutwa na tochi, tukazihesabu kwenye sinia: 107. Alikwenda kwenye kopo lake la sindano, akatoa kifungo cha shati la babu, akakitia kwenye uzi pale palipokuwa na pengo, na jioni ile ile akaingiza mkono ndani ya mfuko na kuendelea.